Nundu ya pua: kisu, sindano, au kuiacha ilivyo

Watu wengi wanaofikiria kuondoa nundu kwenye mwanzi wa pua, yaani mgongo wake, huanza na hesabu hii: upasuaji ni jambo kubwa na la hatari, sindano ya fila (kijazio kinachochomwa chini ya ngozi) ni jambo dogo na salama. Kwa pua, hesabu hiyo imekaa vibaya. Sindano ya puani inaweza kumpofusha mtu jicho akiwa amekaa kitini anaongea na daktari wake. Hutokea mara chache sana, lakini ikitokea hairekebishiki. Upasuaji nao una hatari zake, na nyingine zinakera kwa miaka. Ninayaandika haya kwa sababu matangazo ya "pua mpya kwa dakika 15" yamejaa mitandaoni, na mengi hayasemi kinachofanyika chini ya ngozi. Mtu anachagua kwa woga wa kisu tu, wakati alipaswa kuchagua kwa kuangalia pua yake ilivyo.

Ijue kwanza nundu yako

Weka kidole cha shahada katikati ya nyusi, kisha kiteremshe taratibu kuelekea kwenye ncha ya pua. Sehemu ya juu ni ngumu na haisogei: huo ni mfupa. Ukishuka kidogo unakutana na kitu kinachobonyea na kurudi: mfupa umeisha, gegedu limeanza. Nundu nyingi zimekaa hapo hapo mpakani, sehemu yake mfupa na sehemu yake gegedu. Daktari anayejua kazi yake hufanya hivyo hivyo kwa kidole chake kabla ya kutamka bei yoyote, na humulika pia ndani ya tundu za pua kuona kama ukuta wa kati umenyooka.

Kuna nundu nyingine ambazo hazitokani na mfupa kuzidi. Mzizi wa pua, pale katikati ya macho, umebonyea, kwa hiyo sehemu ya kawaida inayofuata inaonekana imeinuka. Au ncha imeinama, na mwanzi ulio sawa kabisa unaonekana umepinda. Mtu wa namna hii ana upungufu mahali fulani, hana ziada, na ni yeye hasa ambaye sindano inaweza kumfaa. Mwenye mzizi uliokwisha kuinuka na nundu kubwa juu yake hali yake ni kinyume: akiongezwa chochote, pua itaonekana inaanzia kwenye paji la uso. Tazama na kidevu pia. Kidevu kilichorudi nyuma hufanya pua yoyote ionekane kubwa ukitazamwa kwa ubavuni, na wapo watu ambao tatizo lao liko hapo.

Usijipime kwa picha ya simu uliyojipiga mwenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba picha iliyopigwa umbali wa inchi 12 huifanya pua ionekane pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa futi 5. Mwombe mtu asimame mbali akupige picha ya ubavuni, mwanga ukiwa umetulia, ndipo uamue kama kweli kuna cha kurekebisha.

Sindano: inaficha kwa kuongeza

Fila inayotumika zaidi puani ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho kwenye ngozi na kwenye viungo. Daktari hachomi nundu yenyewe. Anachoma juu yake, kwenye mzizi wa pua, na pengine chini yake, karibu na ncha, mpaka mstari wa pua unyooke. Ni kama kumwaga kifusi pande mbili za tuta la barabarani: gari halirukiruki tena, lakini tuta liko pale pale. Pua haijapungua hata chembe. Kwa kweli imeongezeka, ila jicho la anayekutazama linaona mstari ulionyooka na kuridhika. Kiasi kinachotumika ni kidogo, kwa kawaida hakifiki mililita 1.

Faida zake ni za kweli na sitazibeza. Kazi huchukua robo saa mpaka nusu saa. Ganzi ni ya kupaka, au imechanganywa kwenye jeli yenyewe. Unaweza kurudi kazini kesho yake ukiwa na wekundu au uvimbe kidogo. Usipopenda ulivyotoka, jeli huyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi. Matokeo hukaa miezi 6 hadi 18 hivi, ndipo mtu arudie. Kwa anayetaka kuona kwanza angeonekanaje bila nundu, ni njia ya kujaribu kabla ya kufunga uamuzi.

Sasa hatari, na hapa naomba usome polepole. Mshipa wa damu unaopita mgongoni mwa pua ni tawi la ateri inayolisha jicho. Sindano ikiingia ndani ya mshipa huo bila daktari kutambua, msukumo wa bomba huirudisha jeli kinyume na mkondo wa damu mpaka nyuma ya jicho. Anapoacha kusukuma, damu huibeba tena kwenda mbele na kuiingiza kwenye ateri ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina iliyokosa damu haivumilii muda mrefu. Muda unaotajwa na wataalamu ni kama dakika 90, baada ya hapo uoni wa jicho hilo kwa kawaida haurudi. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yalikusanya visa 98 vilivyoripotiwa duniani vya watu walioharibikiwa uoni kutokana na fila, yakiwemo mafuta ya mwili wa mtu mwenyewe yaliyohamishiwa usoni. Mwaka 2019 mapitio mengine yaliongeza visa vipya 48, na safari hiyo sehemu iliyoongoza ilikuwa pua. Ukiweka idadi hiyo kando ya mamilioni ya sindano za fila zinazochomwa, ni tukio adimu. Hata hivyo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo mwaka 2015 juu ya fila kuingia kwenye mishipa ya damu na ikataja eneo la pua miongoni mwa sehemu zinazohusika, na kuchoma fila kwenye pua bado si matumizi ambayo imeyaidhinisha.

Kinachotokea mara nyingi zaidi kuliko upofu ni ngozi ya pua kukosa damu. Mahali pamepauka ghafla wakati wa kuchoma, kisha saa chache baadaye inatokeza michirizi ya rangi ya zambarau, na baada ya siku mbili tatu vipele vya usaha. Usipowahi, ngozi hufa na kuacha kovu. Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la kuongeza: kule kupauka hakuonekani upesi kama kwenye ngozi nyeupe. Daktari mwangalifu hubonyeza ngozi kwa kidole, akaachia, akaangalia damu inarudi kwa kasi gani, tena si mara moja. Na kwa kuwa jeli nyingi zina ganzi ndani yake, kutosikia maumivu hakukuhakikishii kwamba mambo ni shwari.

Kwa hiyo mimi naona hivi: kama hayaluronidesi haipo kwenye chumba kile kile unachochomewa, na kama anayechoma hawezi kukueleza papo hapo atafanya nini ngozi ikipauka au jicho likiingia giza, inuka uondoke. Saluni si mahali pa kazi hii, wala nyumbani kwa mtu aliyehudhuria kozi ya siku mbili. Fila za aina ya kalsiamu hutumika puani pia, lakini hayaluronidesi haiziyeyushi, na mimi nisingezikubali kwa sababu hiyo moja tu. Silikoni ya maji usiiruhusu kabisa: haitoki, na inaweza kuleta uvimbe mgumu miaka mingi baadaye. Na kama pua yako iliwahi kupasuliwa, sindano ina hatari zaidi, kwa sababu mishipa haipo tena mahali ambapo vitabu vinasema ipo.

Kisu: kinaondoa nundu yenyewe

Kupunguza nundu kwa upasuaji si jambo la jana. John Orlando Roe, daktari wa Rochester huko New York, alieleza upasuaji wa pua kupitia ndani ya tundu mwaka 1887, na mwaka 1891 akaeleza namna ya kupunguza nundu. Jacques Joseph wa Berlin aliwasilisha mwaka 1898 kisa cha mwanaume aliyekuwa akikwepa watu kwa ajili ya ukubwa wa pua yake. Misingi waliyoiweka bado inatumika, ingawa mikono na vifaa vimebadilika sana.

Kwa kawaida unapewa dawa ya usingizi, nusu kaputi. Daktari anaweza kupita ndani ya tundu tu, bila kovu linaloonekana, au akakata mkato mdogo kwenye kikuta kinachotenganisha tundu mbili ili aifunue pua na kuona vizuri. Akishafika kwenye nundu, gegedu anaichonga kwa kisu, mfupa anausugua kwa tupa au kuukata kwa patasi. Siku hizi wapo wanaotumia vifaa vya mawimbi ya sauti, vinavyokata mfupa bila kuchanachana nyama laini. Nundu ikitoka, mwanzi unabaki bapa na wazi kwa juu, kingo mbili za mfupa zikiwa zimeachana. Ndiyo maana mara nyingi ni lazima mifupa ya pembeni ikatwe sehemu ya chini na kusogezwa ndani ili paa lijifunge. Mtu akisikia "nitavunjwa pua", jambo lenyewe ni hilo, na ukiachwa bila kufanyiwa hivyo, mwanzi wako utaonekana mpana ukitazamwa kwa mbele.

Katikati ya pua kuna njia nyembamba ya hewa, na kuondoa nundu kunaweza kuibana. Daktari makini huweka vipande vyembamba vya gegedu, vinavyochukuliwa kwenye ukuta wa kati wa pua yako mwenyewe, ili njia hiyo ibaki wazi. Muulize kuhusu hili. Pua iliyonyooka na kuziba haina faida kwa mtu.

Kuna njia nyingine ambayo miaka ya karibuni imepata nguvu, ingawa wazo lake lina zaidi ya miaka mia moja. Badala ya kuchonga nundu kutoka juu, daktari hukata ukanda kwenye ukuta wa kati chini ya mwanzi, akaulegeza mfupa pembeni, na mwanzi mzima ukashuka pamoja. Mgongo wa asili hauchongwi, kwa hiyo hauna kingo za kuhisika baadaye. Njia hii hufaa nundu ya wastani kwenye pua iliyonyooka. Pua iliyopinda au iliyowahi kuvunjika mara nyingi inahitaji ile ya kawaida.

Kupona kunahitaji subira kuliko wengi wanavyotarajia. Unatoka ukiwa na plasta ngumu juu ya pua na damu iliyovilia chini ya macho. Unalala kichwa kikiwa juu na kupumua kwa mdomo siku kadhaa. Plasta hutolewa baada ya siku 7 hivi, na kioo siku hiyo hakisemi ukweli: pua imevimba na ncha imeinuka kuliko itakavyokuwa. Wengi hurudi kazini baada ya wiki 2. Miwani isiegemee pua kwa wiki 4 hadi 6, na mpira au ndondi visubiri zaidi. Umbo la mwisho hutulia baada ya mwaka hivi, na kwenye ngozi nene inaweza kuchukua zaidi ya hapo. Ngozi nene, ambayo wengi wetu tunayo kwenye ncha ya pua, huficha mabadiliko madogo. Ngozi nyembamba hupona upesi, lakini haisamehi kosa: kila kijiwe kinaonekana.

Hatari zake ni kutoka damu, maambukizi, ganzi kwenye ncha kwa miezi, njia ya hewa kubanwa, mwanzi kuzama kwa sababu mengi mno yameondolewa, na zile za dawa ya usingizi yenyewe. Kiwango kinachotajwa sana cha watu wanaohitaji kurudi mezani ni kati ya 5 na 15 kwa kila 100, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza. Kuhusu keloidi, jambo linaloulizwa sana na watu weusi: puani ni nadra, hata kwa anayeota keloidi masikioni au kifuani. Hata hivyo mwambie daktari historia yako, huenda akachagua kupita ndani. Anayevuta sigara au shisha aache wiki 4 kabla, angalau. Aspirini na ibuprofeni huongeza kutoka damu, lakini kama umeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Zikiwekwa bega kwa bega

Ukipima kwa muda wa kupumzika, sindano inashinda bila ubishi. Ukipima kwa kudumu, kisu kinashinda vivyo hivyo. Kwenye uwezo wa kurudi nyuma sindano inashinda tena, maana jeli huyeyuka, ilhali mfupa uliosuguliwa haurudi. Kwenye kupumua sindano haina la kufanya. Kama pua yako imeziba upande mmoja kwa sababu ukuta wa kati umepinda, upasuaji mmoja unaweza kutengeneza yote mawili, na hapo bima ya afya inaweza kuwa na la kusema kuhusu ule ukuta, ingawa kwa urembo mtupu kwa kawaida hailipi.

Gharama ndiyo inayodanganya zaidi. Bei ya sindano moja ni ndogo, lakini zidisha kwa miaka 10 ya kurudia kila mwaka ndipo uilinganishe na upasuaji. Huduma ya taifa ya afya ya Uingereza huwaambia wananchi wake watarajie pauni 4,000 hadi 7,000 kwa upasuaji wa pua wa kulipia. Ndugu zetu wengi wa Ulaya na wa Ghuba husafiri kwenda Istanbul kwa ajili ya bei nafuu, na huko wapo madaktari wazuri. Ila hesabu na siku za kukaa mpaka plasta itolewe, na ujiulize nani atakuona pua ikianza kupinda mwezi wa nne ukiwa umesharudi Mombasa au Muscat.

Zinazobaki nitazipitia haraka. Nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi ya pua hudumu miezi, huweza kuambukiza au kuchomoza, na nundu haziigusi. Vibanio vya kuvaa usiku, mazoezi ya pua na krimu havipunguzi mfupa wala gegedu, na fedha yako itapotea. Vipodozi vya kivuli na mwanga hufanya kazi vizuri kwa siku ya harusi na kwa picha, na havidhuru.

Swali la dini, na la kuiacha

Kwa msomaji Mwislamu swali la kubadili maumbile haliepukiki, na ni haki yake kuliuliza kabla ya kulipa. Wanazuoni wengi hutofautisha kuondoa dosari au madhara na kutafuta urembo tu. Hutajwa sana hadithi ya Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani, akatengeneza ya fedha ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie ya dhahabu. Pua iliyovunjika au iliyoziba na pua nzima ambayo mwenyewe haipendi hazikai katika hukumu moja. Muulize shekhe unayemwamini, ukimweleza hali yako ilivyo bila kuipamba.

Na ikiwa unaitazama pua kwenye kioo mara kwa mara kutwa, unakwepa watu, na walio karibu nawe wanakuambia hawaoni unachokiona, anza na mshauri wa afya ya akili. Kuna hali inayotambulika ya mtu kuteswa na dosari ndogo au isiyokuwepo, na wenye hali hiyo kwa kawaida hawaridhiki hata upasuaji ukienda vizuri. Kijana ambaye uso bado unakua naye asubiri: wasichana mpaka miaka 16 hivi, wavulana 17 au 18.

Mimi ningechaguaje

Nundu ndogo, mzizi umebonyea, pua haijawahi kupasuliwa, na daktari anazijua ateri za uso na ana dawa ya kuyeyusha mkononi: sindano ya asidi ya hayaluroniki, tena kidogo kidogo. Nundu kubwa, pua iliyo kubwa tayari, ncha iliyoinama sana au pumzi inayokwama: upasuaji, bila kupitia kwanza miaka ya sindano. Kuwa na shaka bado si sababu ya kuchagua kilicho rahisi. Subiri miezi 6 uone kama bado unalitaka badiliko hilo.

Mtu wa kumwendea ni bingwa wa upasuaji rekebishi au bingwa wa pua, koo na masikio aliyefanya pua nyingi, si moja moja. Jina lake lihakiki kwenye daftari la baraza linalosajili madaktari, KMPDC kwa Kenya na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara. Mwombe picha za wagonjwa wake wenye ngozi na pua kama zako, zilizopigwa mwaka mmoja baada ya upasuaji. Muulize ni mara ngapi wagonjwa wake hurudi kurekebishwa. Anayejibu kwamba haijawahi kutokea, tafuta mwingine.

Kama nundu yako ni ya juzi, umeanguka na bodaboda au umepigwa kiwiko uwanjani, haya yote weka pembeni kwanza. Mfupa wa pua uliosogea unaweza kurudishwa kwa mkono, bila kukatwa, ndani ya siku 7 hadi 14. Kwa watoto muda ni mfupi zaidi. Ukipita hapo mfupa umeshashika, na kinachobaki ni upasuaji kamili miezi mingi baadaye. Na pua iliyoumia ikiziba pande zote mbili, maumivu yakizidi, na ndani ya tundu kukaonekana uvimbe laini mwekundu au wa zambarau kwenye ukuta wa kati, hiyo ni damu iliyojikusanya, na inatakiwa itolewe siku hiyo hiyo hospitali. Ikiachwa, gegedu hufa na mwanzi wa pua huzama.